Kichwa Kilichokuwa Chini ya Fuvu

Dixon Road, Toronto
Novemba, baridi imeshaingia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia, maana hata ukinuna namna gani mdomo wako haujui kumnyima mtu marahaba. Hujambo lakini? Goti la kushoto linaendeleaje, lile lililopigwa teke na farasi wa yule bwana wa Usa River uliyekuwa unamtunzia farasi? Mwambie kaka Elibariki akukande kwa maji ya moto, asikupake tu ile dawa ya kunuka halafu akimbilie kwenye bodaboda yake. Na ng'ombe amezaa? Niliambiwa amekaribia, kisha sikuambiwa tena. Mimi mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Baridi ya huku imeanza kuuma masikio na jua linazama mapema, lakini heta za jengo letu zinafanya kazi mwaka huu, kwa hiyo sina la kulalamika.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu huipokei. Nikipiga kwa Elibariki nasikia unakohoa pale pale pembeni, halafu naambiwa umeenda kuangalia mbuzi. Mbuzi gani hao, Baba, wanaoangaliwa kila ninapopiga? Wameshanenepa kwa kuangaliwa. Basi barua nayo ikikuudhi, ikunje uiweke juu ya kabati, kesho hasira ikipoa utaikunjua. Halafu ndani ya bahasha hii kubwa kuna kitu ambacho simu isingeweza kukibeba. Kimeshonewa kwenye kitambaa cheupe. Nakuomba usikifungue mpaka umalize kusoma. Nakujua, umeshakiminyaminya.

Sasa tuseme lililopo. Elibariki alinieleza yote, maana nilimbana. Jumapili ile baada ya ibada mliketi pale nje, mtoto wa Shangazi akaleta simu yenye video iliyokuwa inazunguka kwenye kundi la wanakwaya: farasi mweupe anatembea katikati ya umati, juu yake kuna mtu wa mifupa mitupu, kichwa ni fuvu. Chini wameandika, Mtanzania mwenzetu atamba Ulaya na majini. Kwanza huku si Ulaya, lakini tuyaache hayo. Wenzako wakacheka, wakabishana huyo Mtanzania ni nani, mtu mwenyewe haonekani hata ncha ya kidole. Wewe ukaichukua simu ukaisogeza machoni. Elibariki anasema ulitazama mara moja tu, ukasema, "Huyo ni Aneth. Tazameni kisigino chake."

Baba, niliposikia hapo nilifurahi kwanza. Nakwambia kweli. Nimefunikwa gubigubi, niko upande wa pili wa dunia, na baba yangu ananitambua kwa namna kisigino kinavyokaa kwenye kikuku cha tandiko. Nani mwingine ana baba wa hivyo? Nilitaka nimwambie kila mtu kwenye lifti.

Halafu Elibariki akanipa lile jingine. Kwamba ulirudisha simu, ukavaa kofia, ukasema: "Mama yake hata arobaini haijafika, yeye anavaa mauti na kuchezea barabarani. Mwambie asije kusimika msalaba kaburini. Akae na hao aliowavalia mifupa."

Hayo yamenichoma. Nilikata simu bila kuaga, nikakaa kwenye ngazi za jengo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefungiwa nje. Nikamwambia ndiyo. Karatasi zangu za ukaazi zimetoka, Baba, zile zilizonizuia kuja kumzika Mama, kwamba ningetoka nisingerudi. Sasa naweza kuja Desemba kama watu wote wanavyokuja kwao. Tiketi ninaiona, ninashindwa kuigusa, kwa sababu sitaki kufika kwenye geti la kwetu halafu wewe uende kuangalia mbuzi.

Ndiyo maana nataka nikueleze ile mifupa ilinifikaje mwilini. Ukishasikia, uamuzi ni wako. Wewe ndiye baba.

Kazi yangu unaijua: ile bustani kubwa ya michezo kaskazini ya mji, penye mabembea ya chuma yanayozungusha watu wazima mpaka wanatapika, na wakishatapika wanapanga foleni tena. Mimi niko upande wa farasi. Asubuhi nasafisha zizi, nawapiga brashi, jioni nampanda mmoja kwenye gwaride. Majira ya joto mimi huwa malkia. Nilikutumia picha, ile yenye taji na gauni la buluu, nywele zangu nimesuka hadi kiunoni. Mama aliipenda picha hiyo, akasema nifunge kifua nisije nikapata nimonia.

Ikifika Oktoba wanabadilisha kila kitu kwa ajili ya Halowini, sikukuu yao ya kutishana. Mimi nilipofika mara ya kwanza niliona kama wewe ulivyoona. Makaburi ya maboksi, buibui wa plastiki, watu wazima wamejipaka damu ya rangi. Na maboga, Baba! Yale ambayo Mama alikuwa anayachemsha na maziwa tukagombania sufuria, huku wanayatoboa macho na meno, wanayawekea taa, yakioza wanatupa. Mama angewafuata na mwiko. Niliuliza watu: hivi mnaabudu nini? Wakanicheka. Hawaabudu chochote. Mtu anakuja na wanawe, anatishwa, anapiga mayowe, kisha wanaenda kununua aiskrimu. Mimi bado naona ni mchezo wa watu ambao kifo hakijawahi kuwagongea mlango wiki hiyo. Lakini majini, hapana. Hakuna jini pale hata mmoja, isipokuwa yule meneja wetu akikosa kahawa.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye siku ya kunyoa.

Siku ile Elibariki alinishikia simu ili niwaone. Niliona mkeka pale mbele ya jiko, beseni la maji, Shangazi na wembe wake. Nilikuona wewe umeinama, nywele zako zinaanguka nyeupe tupu, na mimi sikujua kama zimekuwa nyeupe kiasi kile. Ukafuata kaka mkubwa. Akafuata Elibariki, akampa jirani simu amshikie. Baada ya Elibariki ni mimi. Tangu tukiwa watoto, ikiwa ni chakula, ikiwa ni kupimwa viatu, ikiwa ni viboko, baada ya Elibariki ni mimi. Shangazi akasimama na wembe mkononi, akasema, "Na Aneth?"

Wewe ukasema, "Hayupo. Mrukeni."

Hukusema kwa ubaya, najua. Ulikuwa umechoka, na kweli sikuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walishamaliza. Lakini mimi nilikuwepo, Baba. Nilikuwa pale ndani ya simu, nimevaa kanga, nimetandika taulo sakafuni, nimekaa kama nyinyi mlivyokaa. Nikamwona Shangazi anamwinamia mdogo wangu. Halafu mtandao ukakata.

Niliinuka na taulo langu nikaenda kugonga mlango wa pili. Hapo anakaa Mama Asha, mtu wa Mombasa, ndiye anayeniletea mahamri Ijumaa. Akafungua na unga mikononi.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nataka uninyoe."

"Nikunyoe? Nywele hizi?"

"Zote. Mama yangu amefariki. Kwetu wananyoa leo, mimi wameniruka."

Akaniangalia. Akasema, "Inna lillahi. Pita, keti hapo." Hakuniuliza dini wala kabila. Alishika misuko yangu mmoja mmoja, akaikata kwa mkasi, akailaza mezani imenyooka vizuri, kisha akachukua mashine ya mumewe. Alininyoa jikoni, sufuria ya maharage inachemka. Machozi yangu yalikuwa yanadondoka yenyewe. Binti yake mdogo, hawa watoto wanaoelewa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza, akaja akauliza kwa nini anti analia. Mama Asha akamjibu, "Anamzika mamake. Nenda kalete kitambaa safi." Mtoto akaenda, akaleta kitambaa cheupe. Ndicho hicho.

Basi, nikarudi kazini na kipara. Mtu wa mavazi pale kwetu ni Bi Gulzar, Mhindi mzaliwa wa Moshi, anakaa Thorncliffe Park na wajukuu. Ana Kiswahili cha zamani, ukimsikia unaweza kudhani umerudi sokoni wakati wa utoto wako. Aliponiona alishika mdomo. "Ai! Mtoto, nywele zako nani amekula?" Nikamweleza. Akaliweka chini taji alilokuwa analisugua, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema pole kwa namna ya kwetu, ile pole ndefu. Hapo ndipo niliposhikwa kama mfiwa kwa mara ya kwanza tangu Mama afe.

Meneja akaja. Ni kijana, si mbaya, ila ana haraka. Akasema hakuna shida, kuna wigi. Wakati ule walikuwa wanapanga gwaride la Oktoba, na malkia alibaki kama mwanzo, ila angekuwa malkia mlozi, nywele ndefu nyeusi mpaka kwenye tandiko. Bi Gulzar akaenda akaleta wigi lenyewe, ila alilileta kwa shingo upande, analishika kama paka aliyelowa.

Nililichukua. Nililisogeza mpaka hapa kwenye paji la uso. Mkono ukagoma. Baba, niweke nywele za nani sijui juu ya kichwa nilichomnyolea Mama? Nikapungie watu mkono, wanisifie nywele? Nikasema siwezi. Meneja akasema, basi kama hutaki kuonekana na nywele, na kipara hatuwezi kukionyesha, imebaki nafasi moja, ile ya mifupa, maana chini ya fuvu hakuna anayejali mtu ana nini. Alidhani nitakataa, kwa sababu vazi lile ni zito na lina joto, kila mtu analikimbia.

Mimi nikasema nipe.

Kwa hiyo sitakwambia nilishikwa nikavalishwa. Nilichagua mwenyewe. Chini ya lile fuvu kichwa changu kilikuwa kitupu kama vyenu, na hakuna aliyekigusa kukipamba. Wewe uliona binti anavaa mauti. Mimi pale ndipo mahali pekee nilipoweza kubaki mfiwa na bado nisifukuzwe kazi.

Ngoja nikuchekeshe kidogo, maana nakuona umekunja uso. Yule farasi mweupe ni jike, mzee, anaitwa Biskuti. Alipoliona fuvu alirudi nyuma akagonga ukuta wa zizi, masikio yamelala, macho meupe. Wenzangu wakaanza kumvuta hatamu na kumpigia kelele. Nikakumbuka yale makoti mapya ya mvua ya Usa River, ya njano, jinsi farasi wote walivyochachamaa siku ya kwanza, na wewe ukayatundika ndani ya zizi ukaweka chumvi mifukoni, ukasema, "Waacheni, watayala kwanza ndipo watayakubali." Basi nililitundika fuvu mlangoni kwa Biskuti, nikapaka chumvi kwenye taya. Nilipomaliza kusomba samadi nikamkuta analilamba kama ndama. Alivunja jino moja la mbele. Ukiitazama tena ile video utaona hilo fuvu lina pengo. Bi Gulzar alicheka mpaka akakaa chini, akasema huyo marehemu alikula miwa mingi.

Baba, sasa nakuja kwenye lenyewe.

Huku sikupata msiba. Hakuna turubai, hakuna kina mama wa kumenya viazi uani, hakuna wazee wa kukaa kwenye moto na kukohoa. Watu wa kanisa letu la huku walikuja mara moja, wakaimba, wakala, wakawahi basi. Siwalaumu, kesho yake ni kazi. Ukienda kazini unaambiwa pole, na ukichelewesha tabasamu wanaanza kuuliza kama uko sawa. Nilikuwa nalia bafuni nimefungulia maji. Sasa jioni ya kwanza ya gwaride nikapanda, fuvu likafungwa nyuma kwa zipu, ngoma zikaanza, umati ukapiga mayowe, na mimi ndani mle giza, napumua pumzi yangu mwenyewe. Nikamwambia Biskuti, "Haya mama, twende." Ni neno la kila siku, ndivyo ninavyomwambia siku zote. Jioni ile nilipolisema, sauti ikanikatikia katikati.

Nikalia. Nililia kuanzia kwenye geti la zizi mpaka kwenye daraja la bwawa, kwa sauti, Baba, kilio cha nyumbani, kile cha kumwita mtu kwa jina lake. Hakuna aliyesikia, kelele zilikuwa zao. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Na jioni iliyofuata hivyo hivyo. Mwezi mzima ule nilimlilia Mama juu ya farasi, mbele ya watu wanaokula aiskrimu, na hayo ndiyo matanga niliyopata. Nikishuka, Bi Gulzar ananifungua zipu nyuma, ananipa taulo. Biskuti naye hakuwahi kukosea hatua hata mara moja. Nadhani alijua. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba farasi haangalii umevaa nini, anasikia ulivyokaa.

Sasa nakuomba jambo moja tu. Mwambie mtoto wa Shangazi akuletee tena ile video. Ulitazama kisigino, ukanijua. Tazama sasa mabega. Kwenye kundi wameandika, oneni jini linavyocheza. Wewe umekaa na wafiwa wengi, umezika wengi pale kanisani. Utazame yale mabega halafu uniambie kama nilikuwa nacheza.

Jambo la nywele ndilo la mwisho. Nywele zangu zimekuwa zikiota, na kila zikijaa vidole narudi kwa Mama Asha, naziondoa tena. Ameshaniuliza, "Mwanangu, hata eda ina mwisho, hii yako yaisha lini?" Nikamwambia mpaka niambiwe. Nyinyi Shangazi alishawapaka mafuta, ukawaombea, ukasema basi, ziacheni ziote. Mimi nani aliniambia? Mtandao ulikuwa umekata. Niko bado mkekani, nangoja zamu yangu.

Kwenye hicho kitambaa kuna nywele zangu, zile zenyewe, misuko yote, hakuna uliobaki. Sikuzitupa kwenye pipa la jengo, ningekosa usingizi. Bi Gulzar anakuja Moshi kumwona dada yake, amekubali kubeba barua hii ndani ya mkoba wake wa mkononi, si kwenye sanduku. Amesema, "Nywele ya mtu haisafiri chini na viatu." Elibariki ataifuata kwa huyo dada wa Bi Gulzar. Kama moyo wako umelainika, zipeleke pale kwenye migomba nyuma ya jiko ulipofukia zenu. Kama haujalainika, usizichome wala usizirudishe, mpe Shangazi anitunzie. Sitauliza.

Lakini ukizifukia, huna haja ya kunieleza mengi, najua maneno kwako ni kazi kuliko kulima. Mwambie Elibariki anipigie, usimame karibu, useme mara moja, "Ziache ziote." Nitakata tiketi siku hiyo hiyo. Nitakuja na nywele fupi kama za mtoto wa shule, nitashika msalaba upande mmoja, wewe upande wa pili, na goti lako hilo.

Nisalimie Shangazi, mwambie nilimsikia alipouliza, na sitasahau kwamba aliuliza. Msalimie kaka mkubwa na shemeji, na Elibariki, apunguze mwendo na hiyo pikipiki. Mdogo wangu mwambie nimemwekea viatu. Mchungaji umpe shikamoo yangu, na kama ameiona video umsomee barua hii, isipokuwa pale kwenye meneja na kahawa. Mtoto wa Shangazi naye msalimie, sina kinyongo naye, asingeileta nisingejua kwamba bado unanijua kwa kisigino. Na mbuzi wasalimie sana, maana wamekuona wewe mara nyingi kuliko mimi.

Mungu akutunze, Baba. Kula. Usiwe unalala na uji tu.

Ni mimi, ninayekaa baada ya Elibariki,

Aneth